Uzuri wa Mkakasi: Historia ya Ganda la Mashine na Siasa Zake

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo, zikikalishwa meza moja, hugombana. Ya kwanza yasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ya pili yatuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kikasha kidogo cha mti chenye kifuniko, kilichotiwa nakshi kwa nje. Anayekitazama huvutiwa, anayekifungua hukuta mti uleule. Methali ya kwanza inaamini kwamba ubora wa kitu hujitokeza wenyewe na mnunuzi ataufuata. Ya pili inajua kwamba uso wa kitu unaweza kuyashinda macho ya mnunuzi kabla hajauliza kilichomo ndani. Wenye viwanda wa karne ya 20 hawakuzijua methali hizi, lakini sehemu kubwa ya biashara yao ilifanyika katikati yake.

Makala haya yanahusu uso wa vitu: umbo la nje la birika, gari, jokofu, mashine ya ofisini na simu. Msomaji wa safu kama hii, aliyezoea mijadala ya katiba, bajeti na ardhi, anaweza kuona kwamba mada hii inawahusu wauza maduka tu. Naomba avumilie kidogo. Hoja yangu ni kwamba umbo la nje la bidhaa ni ahadi. Kuna anayeitoa, kuna anayeahidiwa, na kuna anayelipa gharama yake, na mara nyingi hawa ni watu tofauti. Haiba ya bidhaa, yaani ile hali ya kitu kuonekana cha kuaminika, cha kisasa, cha heshima au cha hali ya chini, hutokana na ahadi hiyo. Ndiyo maana historia ya maumbo ya bidhaa ni sehemu ya historia ya uchumi wa kisiasa.

Tuanzie Berlin mwaka 1907. Kampuni kubwa ya umeme ya Ujerumani, AEG, ilimwajiri msanii na msanifu majengo Peter Behrens awe mshauri wake wa mambo ya sanaa. Hadi wakati huo umeme ulikuwa jambo la viwandani, mitaani na majumbani mwa matajiri. Kampuni ilitaka uingie jikoni na sebuleni mwa watu wa kawaida, na watu hao walikuwa na hofu nao. Mwaka 1909 Behrens alibuni mabirika ya umeme ambayo leo yamo katika makumbusho mengi. Alichukua maumbo machache ya msingi: la pembe nane, la duara dufu na la tone. Akachagua madini machache, ikiwemo shaba nyeupe na nyekundu. Kisha akachagua aina za uso: laini, wa mistari, na wenye vijidimbwi vidogo kama vya chombo kilichofuliwa kwa nyundo. Kwa kuchanganya sehemu hizo chache, kiwanda kimoja kiliweza kutoa mabirika ya aina nyingi bila kubadili kilichomo ndani.

Vijidimbwi vile vinastahili kutazamwa kwa makini. Hakuna mhunzi aliyevigonga. Vilitiwa na mashine, kwa maelfu, vyote sawa. Uso wa birika ulimwambia mama wa nyumbani wa Kijerumani kwamba chombo hiki kigeni, chenye waya unaotoka ukutani, ni ndugu wa chombo alichokuwa nacho bibi yake. Je, huo ulikuwa uongo? Kwa upande mmoja ndiyo, maana mashine ilivaa vazi la fundi ambaye yenyewe ilikuwa inamwondoa sokoni. Kwa upande mwingine, vazi hilo lilimsaidia mtu kuikaribia teknolojia iliyompunguzia kazi. Tangu mwanzo wake, basi, usanifu wa bidhaa za viwandani ulikuwa na sura mbili hizi, na itakuwa makosa kuichukua moja na kuiacha nyingine.

Upande wa pili wa Atlantiki, Henry Ford aliamini methali ya kwanza kwa imani kamili. Gari lake la Model T, lililoingia sokoni mwaka 1908, lilitengenezwa kwa muda wa miaka 19 na kuzidi magari milioni 15. Baada ya kuanzisha mstari wa kuunganishia magari unaotembea katika kiwanda cha Highland Park mwaka 1913, aliweza kushusha bei kutoka dola 850 za mwanzo hadi chini ya dola 300 katikati ya miaka ya 1920. Kwa zaidi ya miaka 10 magari hayo yalitoka kiwandani yakiwa meusi tu. Uso wa Model T ulikuwa matokeo ya uzalishaji, na hakuna aliyekaa kuubuni ili umpendeze mtu. Mabati yake yalikunjwa pale ilipolazimu na kuachwa bapa pale ilipowezekana. Kwa Ford, gari lililokuwa rahisi kununuliwa, rahisi kutengenezwa na lenye kudumu halikuhitaji kumbembeleza mtu.

Aliyemshinda Ford hakumshinda kwa injini. Alfred Sloan, mkuu wa General Motors, aliona kwamba Marekani ya miaka ya 1920 ilikuwa imejaa watu ambao tayari wana gari. Swali la biashara likabadilika: utamuuziaje gari mtu mwenye gari linalotembea? Jibu lake lilikuwa kumfanya aliona la kwake kuwa limezeeka. Mwaka 1927 kampuni hiyo ilianzisha idara ya sanaa na rangi chini ya Harley Earl, kijana wa California aliyekuwa akiwaundia watu wa Hollywood magari ya kipekee. Earl alileta kiwandani udongo wa kufinyangia. Wasanifu wake walilifinyanga gari zima kwa udongo kama mfinyanzi afinyangavyo mtungi, wakilainisha mabega na kurefusha pua, wakitazama jinsi mwanga unavyoteleza juu ya uso wake. Baada ya hapo ndipo wahandisi walipotakiwa kutafuta namna ya kukunja bati lifuate udongo.

Katika mfumo huo, uso wa gari ukawa ngazi ya kijamii. Chevrolet ilikuwa chini, Cadillac ilikuwa juu, na katikati yake zilipangwa Pontiac, Oldsmobile na Buick. Magari hayo yaliweza kushirikiana sehemu nyingi zisizoonekana, na hata vipande vya bodi. Tofauti iliwekwa pale jirani atakapoiona. Kila mwaka umbo lilibadilishwa kiasi, ili gari la mwaka uliopita lijulikane ni la mwaka uliopita. Hapa haiba ya kitu ilianza kupimwa kwa kalenda. Mfanyakazi aliyepata nyongeza ya mshahara alioneshwa mahali pa kuipeleka, na aliyeshindwa kupanda ngazi alikumbushwa kila asubuhi barabarani. Ford naye mwaka 1927 alilazimika kuacha kuunda Model T.

Miaka miwili baadaye, mwaka uleule soko la hisa la New York lilipoanguka, kulitokea kisa kidogo ambacho kina uhusiano wa karibu na ofisi zetu. Mfanyabiashara wa Uingereza Sigmund Gestetner alimpa Mfaransa aliyehamia Marekani, Raymond Loewy, kazi ya kuiboresha sura ya mashine ya kampuni ya familia yake. Baba yake, David Gestetner, mzaliwa wa Hungaria, ndiye aliyeigeuza stensili kuwa biashara ya dunia: karani hupiga chapa kwenye karatasi ya nta, wino hupita kwenye matundu ya herufi, na nakala mamia hutoka kwa muda mfupi. Kizazi kilichopita katika ofisi na shule za Afrika Mashariki kinaijua kazi hiyo kwa neno moja, kudurufu.

Mashine aliyoletewa Loewy ilikuwa wazi. Magurudumu yake, mikanda na mikono vilionekana vyote, vimejaa wino na vumbi, na miguu yake ilitokeza nje. Kwa simulizi ya Loewy mwenyewe, alipewa siku chache tu, akanunua udongo wa kufinyangia na kuifunika mashine ndani ya chumba chake, akiacha nje vile tu ambavyo mtumiaji alihitaji kuvishika. Anasimulia pia kwamba hoja iliyomshawishi mteja ilikuwa mchoro wa karani akijikwaa kwenye miguu ile. Loewy alikuwa hodari wa kujitangaza, kwa hiyo simulizi yake tuipokee kama tunavyopokea simulizi ya mvuvi kuhusu samaki wake. Lakini matokeo hayana shaka: miguu iliondolewa, mahali pake pakawekwa kabati, na mitambo ikafunikwa kwa ganda laini. Umbo hilo lilidumu katika biashara kwa miaka mingi.

Tuulize sasa ni nini kilichopatikana na nini kilichopotea. Kilichopatikana ni kikubwa. Nguo za karani hazikuchafuka wino, vidole vyake havikukaribia magurudumu, na vumbi halikuingia kwenye mitambo kwa urahisi. Mashine ilipata haiba ya samani ya ofisi. Iliweza kukaa mbele ya mgeni bila kuaibisha mtu. Kilichopotea ni maarifa. Mtu aliyesimama mbele ya mashine ya zamani aliweza kuona gurudumu gani linasukuma lipi, na ilipokwama aliweza angalau kukisia mahali pa kugusa. Baada ya ganda, kazi ya mashine ikawa siri ya fundi wa kampuni. Karani alibaki na mkono wa kuzungushia na karatasi inayotoka. Mgawanyo huu kati ya anayetumia na anayejua haukuanzia kwa Loewy, lakini ganda laini liliufanya uonekane wa kawaida, hata wa kupendeza.

Anguko kuu la uchumi liligeuza kazi ya namna hii kuwa taaluma kamili. Kufikia mwaka 1933 takribani robo ya nguvukazi ya Marekani haikuwa na ajira. Viwanda vilikuwa na uwezo wa kuzalisha kuliko watu walivyoweza kununua. Kulikuwa na njia mbili: kuwapa watu wengi zaidi uwezo wa kununua, au kuwafanya wachache wenye uwezo wanunue mara nyingi zaidi. Njia ya kwanza ilihitaji siasa za mishahara, vyama vya wafanyakazi na mipango ya serikali, na mapambano yake yaliijaza miaka hiyo yote. Njia ya pili ilihitaji wasanifu. Mwaka 1932 mfanyabiashara mmoja, Bernard London, alitoa kijitabu kilichopendekeza waziwazi kwamba bidhaa zipangiwe tarehe ya kufa ili uchumi ufufuke. Serikali haikulichukua pendekezo lake. Soko lililitekeleza kwa upole zaidi, kwa kubadili maumbo.

Umbo lililotawala miaka ile lilikuwa la tone la maji, lililotokana na ndege na meli za angani: mbele duara, nyuma limechongoka, kona zote zimelainishwa, na mistari mitatu sambamba imepigwa ubavuni kana kwamba kitu kinakwenda mbio. Kwa treni lilikuwa na maana ya kifizikia. Lakini lilihamia kwenye pasi, redio, kibaniko cha mkate, na Loewy alifikia hata kubuni kichongeo cha penseli chenye umbo la tone. Mwaka 1935 duka kubwa la Sears la Chicago liliuza jokofu lake jipya la Coldspot, ambalo Loewy alikuwa amelipa uso mweupe mmoja usiokatika, kona za mviringo na shina la mistari katikati. Mauzo yalipanda mno, na umbo likabadilishwa tena mwaka uliofuata, na mwaka mwingine tena. Jokofu halisafiri. Mistari yake ya mwendo haikukata upepo wowote. Ilichokata ni shaka ya mnunuzi.

Hata hivyo tusiharakishe kuhukumu, kwa sababu uso wa Coldspot ulikuwa na ukweli wake. Bati la chuma linalokandamizwa kwenye kalibu kubwa hupasuka penye kona kali, hutaka mzingo. Likipata mzingo huwa imara zaidi kuliko bati bapa la unene uleule. Uso usio na mapengo husafishika kwa kitambaa kimoja, jambo la maana kwa chombo cha chakula. Kitasa chake kilibuniwa ili mtu mwenye mikono iliyojaa vyombo aweze kukifungua kwa kukisukuma kwa kiwiko. Rafu za alumini hazikushika kutu. Katika ngozi ile moja, basi, kulikuwa na mantiki ya kiwanda, huruma kwa mtumiaji na hila ya muuzaji, zote zimepakwa rangi nyeupe ileile. Kazi ya mchambuzi ni kuzitenganisha.

Wakati huohuo kulitokea kejeli ambayo historia hupenda kuiandika. Mwaka 1934 kampuni ya Chrysler ilitoa gari la Airflow, lililobuniwa na wahandisi waliopima mifano yake kwa upepo wa bandia. Hili lilikata upepo kwa kweli, na mwili wake ulikuwa imara kuliko wa wenzake. Wanunuzi walilikataa, pua yake butu iliwaonekea ya ajabu, na matatizo ya toleo la kwanza yakaongeza uvumi. Mwaka 1937 likaondolewa sokoni. Jokofu lililojifanya linakwenda mbio lilishinda, gari lililojali mwendo kwa dhati lilishindwa. Wanaoamini kwamba chema chajiuza wangefaa kulikumbuka gari la Airflow.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, jibu kali dhidi ya mkakasi lilitoka Ujerumani, na lilikuwa na chanzo cha kisiasa kabisa. Mwaka 1943 wanafunzi Hans na Sophie Scholl walikatwa vichwa kwa mashine na utawala wa Wanazi kwa kosa la kusambaza vipeperushi vilivyopinga utawala huo. Dada yao, Inge Scholl, pamoja na Otl Aicher na Max Bill, alianzisha chuo cha usanifu katika mji wa Ulm mwaka 1953. Waasisi walikuwa wameishi ndani ya dola iliyotawala kwa bendera, sare, mienge na majukwaa, yaani kwa uso. Waliamini kwamba jamii ya kidemokrasia inahitaji vitu visivyompigia raia kelele: redio, viti, alama za barabarani na vyombo vya kulia vinavyoeleza wazi matumizi yake na kuishia hapo.

Ushirikiano wa chuo hicho na kampuni ya Braun ulizaa vitu vilivyobadili macho ya dunia. Mwaka 1956 Hans Gugelot na Dieter Rams walitoa redio yenye gramafoni, iitwayo SK4: sanduku la bati jeupe, ubavu wa mbao, matundu ya mistari ya kutolea sauti, na kifuniko angavu kama kioo kilichoonesha kila kitu. Watu wakaibandika jina la utani la jeneza la Snow White. Hapa uso uliahidi kutoficha. Lakini unyofu nao uligeuka kuwa chapa ya biashara. Vitu vya Braun havikuwa vya bei ya mfanyakazi wa kawaida, na weupe wake mtulivu ukawa alama ya msomi mwenye kipato na ladha. Chuo chenyewe kilifungwa mwaka 1968, baada ya ugomvi wa ndani na bunge la jimbo kukata ruzuku. Somo ni kwamba hata uso usio na nakshi hubembeleza. Unabembeleza mtu wa aina nyingine.

Mwaka mmoja baada ya Ulm kufungwa, mashine ya kudurufu ilikuwa inafanya kazi nyingine Dar es Salaam. Mwezi Novemba 1969 wanafunzi wa mrengo wa kushoto wa chuo kikuu pale Mlimani walitoa toleo la kwanza la jarida lao, Cheche. Halikupigwa chapa kiwandani. Wanafunzi walipiga stensili wenyewe, wakadurufu, wakapanga kurasa na kuzibana kwa pini. Humo ndimo ilimotoka, mwaka 1970, kazi ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya nchini Tanzania, iliyosomwa mbali kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka huohuo jarida lilipigwa marufuku pamoja na chama cha wanafunzi kilicholitoa.

Tuzitazame nyuso mbili hizi pamoja. Mashine za aina ile ziliundwa na kuvishwa ganda ili ziuzike kwa wakuu wa ofisi: ziwe safi, tulivu, zistahili kukaa katika wizara na makampuni. Ziliahidi utaratibu, yaani waraka mmoja kutoka juu ukiwafikia wote walio chini. Kurasa zilizotoka ndani yake kule Mlimani zilikuwa na haiba iliyo kinyume chake: herufi za mashine ya chapa zisizolingana kwa wino, karatasi ya kawaida, bila picha za kung'aa. Uso huo wa kimaskini ulikuwa hoja. Ulimwambia msomaji kwamba hapa hakuna tangazo la biashara wala mfadhili, na kwamba yeye naye akipata stensili na rimu ya karatasi anaweza kufanya vivyo hivyo. Mbunifu huipa bidhaa haiba ya kwanza. Watumiaji huweza kuipa ya pili ambayo mbunifu hakuiota. Lakini huweza tu iwapo mashine iko mikononi mwao kwa kiasi cha kutosha, kwa maana ya kuifikia, kuielewa na kuimudu.

Mfano wa karibu zaidi umo mifukoni mwetu. Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu ya 1100 ikiwalenga watu wa nchi ambazo wauzaji wa vifaa vya kifahari hawakuzijali. Vibonye vyake vilifunikwa kwa kipande kimoja cha mpira ili vumbi lisipenye. Ubavu wake ulikuwa na mikwaruzo midogo ya kuzuia mkono wenye jasho usiteleze. Kichwani ilikuwa na tochi, kwa sababu umeme hukatika. Hakuna kona ya uso wake iliyokuwa na nia ya kumtisha jirani. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Wakenya waliziita simu za jamii hiyo mulika mwizi, Watanzania wakaziita vitochi, na majina hayo, pamoja na dhihaka iliyomo ndani yake, ni uhakiki wa usanifu uliofanywa na umma wenyewe. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, ilipita katika simu za namna hiyo. Jambo la kusikitisha ni kwamba dhihaka ilishinda. Kitochi kikawa alama ya aliyeachwa nyuma, na kioo chembamba kisicho na kibonye kikawa alama ya aliyefika. Ngazi ya Sloan ilikuwa imefika Kariakoo.

Kioo hicho chembamba ndicho hatua ya mwisho ya ganda la mwaka 1929. Simu ya kitochi ilifunguka kwa ukucha. Betri ilitolewa na kubadilishwa kibandani kwa dakika moja. Simu nyingi za leo zimefungwa kwa gundi, na uso wake usio na mshono unaahidi usafi na ustadi wa hali ya juu. Bei ya mshono uliokosekana hulipwa siku betri inapokufa, na mlipaji ni mwenye simu. Hulipwa pia na fundi wa Kariakoo au wa Luthuli, Nairobi, anayelazimika kupasha moto kioo ili aifikie sehemu ambayo zamani ilihitaji kucha tu. Umoja wa Ulaya umeliona hili kuwa suala la sheria: kanuni yake ya betri ya mwaka 2023 inataka betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe kuanzia Februari 2027, na mwaka 2024 ulipitisha mwongozo wa kuimarisha haki ya matengenezo. Bunge linapojadili skrubu na gundi, halijaacha siasa na kwenda kwenye ufundi. Linaamua nani awe na mamlaka juu ya kitu baada ya kukilipia.

Mtumishi wa umma anayeandika vigezo vya zabuni ana sehemu katika historia hii. Anapoomba kompyuta, mashine za hospitali, pampu za maji au vifaa vya kuhesabia kodi, mara nyingi huoneshwa vitu vyenye nyuso nzuri katika ukumbi wenye viyoyozi. Kuna maswali manne ambayo uso haujibu wenyewe. Je, ganda hili linafunguliwa kwa vifaa vya kawaida? Je, vipuri vinapatikana nchini, na kwa miaka mingapi? Je, fundi wetu anaruhusiwa kukigusa bila kuvunja mkataba? Je, umbo hili limefikiria vumbi, joto na umeme wetu, kama mpira wa vibonye vya Nokia ulivyofikiria, au limefikiria picha ya tangazo? Zabuni isiyouliza haya hununua mkakasi kwa fedha za walipa kodi, na vifaa vilivyolala stoo vikisubiri mtaalamu wa kuagizwa kutoka nje ni ushahidi ambao watumishi wengi wanaujua kuliko mimi.

Mwanaharakati naye asidhani kwamba uso ni jambo la mabepari na yeye anashughulika na kiini tu. Waandishi wa Cheche walikuwa na uso. Ulm ilikuwa na uso. Hata Model T nyeusi ilikuwa nao. Kukataa kuufikiria uso ni kumwachia mwingine autengeneze. Kinachotakiwa ni kutambua ahadi inayotolewa na kuidai itimizwe. Ganda la Gestetner liliahidi usalama wa karani na likautimiza. Halikuahidi kumfundisha mashine, na halikumfundisha. Mistari ya jokofu iliahidi kesho yenye mwendo kwa taifa lililokwama, na kesho hiyo ikaja kwa wale tu waliokuwa na fedha za kununua jokofu.

Turudi basi kwa wahenga na ugomvi wao. Pengine methali zile mbili hazigombani kadiri tulivyodhani. Chema hujiuza pale tu mnunuzi anapopata nafasi ya kukijua, na mkakasi hushinda pale kifuniko kinapokatazwa kufunguliwa. Mwenye haki ya kufungua anaweza kuipenda nakshi bila hofu, kwa kuwa anajua kilichomo. Haki hiyo haitakuja kama zawadi ya mtengenezaji. Itaandikwa katika sheria za walaji, katika mikataba ya ununuzi, katika mitaala ya vyuo vya ufundi, na katika mazoea ya raia anayeshika kitu kipya, kukigeuza, na kuuliza kinafunguliwa wapi.